Maji Hayampendelei Mtu: Habari za Uzito wa Vitu, Tangu Syracuse Hata Kigera

Habari nitakayowaeleza jioni hii ni ya kale sana. Ilianza zaidi ya miaka 2,200 iliyopita katika nyumba ya mfalme. Lakini mimi nilipata kuielewa maana yake kwa mtoto wa shule, huko Kigera, katika nchi ya Musoma, jirani na Ziwa Viktoria ambalo wazee huliita Nyanza. Basi nitaanza na mtoto, kisha nitawapeleka kwa mfalme, na mwisho tutarudi Kigera.

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana wanaotaka kuwa walimu. Kila mwaka huenda nao katika shule za vijijini, wapate kujizoeza kufundisha mbele ya watoto. Siku moja tulikuwa Kigera, nami nikashika chaki ili niwaonyeshe vijana wangu jinsi ya kufundisha somo la densiti. Nikaandika ubaoni kwa herufi nzuri: Chuma ni kizito kuliko mti. Watoto wakasoma kwa sauti moja, mara tatu. Nikaona kazi imekwisha.

Ndipo msichana mmoja aliyeketi nyuma akainua mkono, akasema, “Samahani, Mwalimu. Jana baba na kaka zangu watatu walishindwa kuliinua gogo la kuchonga mtumbwi. Lakini msumari hata mimi naubeba. Sasa chuma kimekuwaje kizito kuliko mti?”

Watoto wakacheka. Wale vijana wangu wakanitazama. Nami, wasikilizaji, nilikuwa nimelifundisha jambo lile zaidi ya miaka kumi, na siku ile sikuwa na kitu cha kumwonyesha mtoto yule. Nilikuwa na maneno matupu. Nikamwambia aketi, nitamjibu kesho. Usiku ule sikulala vyema.

Maana mtoto alisema kweli. Gogo ni zito kuliko msumari. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikueleza kwamba haifai kulinganisha uzito wa vitu viwili kabla ya kulinganisha ukubwa wao. Mama aendaye sokoni ajua jambo hili pasipo kufundishwa. Akipima kibaba cha chumvi na kibaba cha pumba, kibaba ni kilekile, lakini mkono wake wamwambia ya kuwa chumvi ni nzito. Hiyo ndiyo densiti: uzito wa kitu kwa kadiri ya nafasi kinayoijaza. Chukua kipande cha chuma na kipande cha mti vilivyo sawa kwa ukubwa, ndipo useme kipi ni kizito.

Lakini hapo yazuka shida. Kibaba cha chumvi ni rahisi, kwa kuwa chumvi hujaa kibaba. Je, jiwe lenye pembe na mashimo utajuaje limejaza nafasi kiasi gani? Au pete? Au taji la mfalme? Hii ndiyo shida iliyompata mtu mmoja mwenye akili nyingi, jina lake Archimedes.

Archimedes alikuwa Myunani, akikaa katika mji wa Syracuse, katika kisiwa cha Sicily. Mfalme wa mji ule aliitwa Hiero. Inasimuliwa kwamba mfalme alimpa sonara dhahabu, amfanyie taji la kuwekwa wakfu kwa miungu yao. Sonara akaleta taji, nalo likapimwa katika mizani, likaonekana uzito wake ni sawasawa na dhahabu aliyopewa. Lakini ukavuma uvumi ya kuwa ameiba sehemu ya dhahabu na kutia fedha mahali pake. Mfalme hakutaka taji livunjwe, akamwita Archimedes, akamtaka aitafute kweli pasipo kuliharibu.

Archimedes akalifikiri jambo hili siku nyingi. Siku moja akaingia katika birika la kuogea, akaona kadiri mwili wake unavyozama ndivyo maji yanavyomwagika. Akatambua mara moja ya kuwa maji yaliyomwagika ni sawa na nafasi iliyojazwa na mwili wake. Basi taji lenye mapambo, ambalo hakuna rula iwezayo kulipima, litapimwa na maji! Wasimulizi husema alitoka mbio kwenda nyumbani kwake bila nguo, kwa furaha.

Hebu na tulipige hesabu jambo lenyewe. Kilo moja ya dhahabu safi hujaza nafasi ya sentimita za ujazo 52 hivi. Kilo moja ya fedha hujaza 95 hivi, kwa kuwa fedha ni nyepesi kuliko dhahabu. Sonara akiiba gramu 300 za dhahabu na kutia gramu 300 za fedha, mizani haitaona kitu, uzito ni uleule. Lakini taji lake sasa litajaza nafasi ya sentimita za ujazo 65. Hizo 13 zilizozidi ndizo zitakazomshitaki.

Yanipasa kuwaambia pia ya kuwa habari hii ya taji haimo katika vitabu vya Archimedes vilivyotufikia. Aliyeiandika ni mjenzi mmoja wa Roma, jina lake Vitruvius, naye aliishi yapata miaka 200 baadaye. Labda imetiwa chumvi kidogo. Lakini kanuni yenyewe ni ya Archimedes, na kitabu alichoandika juu ya vitu vieleavyo kingali kinasomwa. Alikufa mwaka 212 kabla ya Kristo, Warumi walipouteka mji wake.

Baada yake wengine waliendeleza kazi ile, na wengi wao walikuwa watu wa mashariki. Mwaka 973 alizaliwa al-Biruni, katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo sehemu yake kubwa iko Uzbekistan. Mtu huyu aliona ya kuwa chombo kipana hakifai, kwa sababu kitu kidogo kikitumbukizwa ndani yake, maji hupanda kidogo mno, jicho lisione. Basi akatengeneza chombo chenye shingo nyembamba, na ubavuni pana mrija mdogo uliopinda. Alikijaza maji mpaka yakadondoka katika mrija, akangoja yatulie, kisha akatumbukiza kipande cha dhahabu, au cha shaba, au kito. Maji yaliyotoka aliyakinga katika kisahani cha mizani, akayapima. Kwa njia hii alipima madini mengi na vito vingi, na hesabu zake zapishana kidogo tu na hizi za leo. Alitambua hata ya kuwa maji ya moto na maji ya baridi hayalingani uzito.

Mwaka 1121 mtu mwingine, al-Khazini, wa mji wa Merv, aliandika kitabu kikubwa kiitwacho Mizani ya Hekima. Al-Khazini alikuwa mtumwa, na bwana wake, aliyekuwa mtunza hazina, alimsomesha. Mtumwa huyo akawa mwalimu wa dunia katika mambo ya mizani. Alieleza jinsi ya kupima kitu hewani, kisha kukipima kikiwa kimezama majini, na kwa tofauti ya uzito huo kujua kama dhahabu ni safi au imechanganywa. Tena, katika mwaka 1586, Galileo wa Italia, akiwa kijana wa miaka 22, aliandika kijitabu juu ya mizani ya namna hiyohiyo, akisema ya kuwa mtu mwenye akili kama Archimedes hangetosheka na maji ya kumwagika tu.

Na mwaka 1795 Wafaransa walipotengeneza vipimo vipya, waliamua ya kuwa gramu moja iwe uzito wa maji yajazayo sentimita moja ya ujazo. Kwa hiyo densiti ya maji ni 1, na vitu vingine vyote vyalinganishwa nayo. Kumbukeni hesabu hii, maana tutaihitaji Kigera.

Msidhani mambo haya yalikuwa ya watu wa mbali tu. Pwani yetu ilifanya biashara ya dhahabu tangu zamani. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliandika habari za vumbi la dhahabu lililofikishwa Sofala kutoka bara. Na huku kwetu Mara, Buhemba na Kiabakari palikuwa na migodi ya dhahabu wakati wa utawala wa Waingereza. Na huko Nyamongo mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002. Kando ya migodi wapo wachimbaji wadogo, nao kila siku hufanya kazi ya al-Biruni pasipo kumjua. Mchimbaji hutia mchanga katika karai pamoja na maji, akalitikisa na kulizungusha. Mchanga huchukuliwa na maji, na chembe za dhahabu hubaki chini, kwa kuwa dhahabu ni nzito mara saba kuliko mchanga wa ukubwa uleule. Wavuvi nao wanayo elimu hiyo. Juu ya wavu hufunga vyelezo, na chini hufunga chubwi za risasi au mawe. Mvuvi asiyejua kipi chaelea na kipi chazama atalala na njaa.

Basi, asubuhi ya pili nilirudi darasani Kigera. Sikushika chaki. Nilikuwa nimewatuma vijana wangu jioni ile kwenda mwaloni na kwa mafundi, wakakusanya vitu katika kasha: jiwe la mwamba, chubwi za risasi, misumari iliyofungwa pamoja, kipande cha mpingo, kipande cha mti mwepesi, kipande cha ndala kuukuu ambacho wavuvi hukifanya chelezo, na yai. Tukaleta pia mizani ndogo kutoka chuoni, kopo tulilolitoboa ubavuni na kutia mrija, na bomba jipya la sindano lenye alama za kupimia.

Kwanza niliwapa watoto vile vitu mkononi, kila mmoja avishike, na kabla ya kupima waseme kipi kitazama. Wote walisema mpingo utaelea, kwa sababu ni mti. Tukautumbukiza, ukazama kama jiwe. Wasikilizaji, laiti mngaliona nyuso zao! Densiti ya mpingo ni kama 1.2, yaani ni mzito kuliko maji ya ukubwa uleule, kwa hiyo huzama ijapokuwa ni mti. Kwa somo lile la mpingo watoto walijifunza zaidi kuliko katika sentensi yangu yote ya jana.

Kisha tukapima. Jiwe lilikuwa gramu 135, nalo lilimwaga sentimita za ujazo 50 za maji. Gawanya 135 kwa 50, wapata 2.7. Chubwi zote pamoja zilikuwa gramu 226, na zilimwaga 20 tu. Gawanya, wapata 11.3. Msichana yule wa jana alizishika chubwi kwa mkono mmoja na jiwe kwa mkono wa pili, akasema taratibu, “Kumbe hiki ni kidogo lakini kimeshindiliwa.” Sijasikia maelezo ya densiti yaliyo bora kuliko hayo.

Yai nalo lilitufundisha. Tulileta mawili, na moja lilizama likalala chini. La pili likasimama, likaelea. Watoto wakapiga kelele, “Ni viza!” Walijua hayo kwa mama zao. Nikawaeleza sababu. Yai likikaa siku nyingi hupoteza maji kupitia katika ganda, hewa ikaingia mahali pake; ukubwa ni uleule, uzito umepungua. Na ndivyo ilivyo kwa maziwa, maana wengi wetu Mara ni wafugaji. Katika vituo vya kukusanyia maziwa hutumiwa kijiti cha kioo kiitwacho laktomita. Maziwa mazuri ya ng'ombe yana densiti ya karibu 1.03. Mtu akitia maji, densiti hushuka, na laktomita huzama zaidi. Kijiti kile hakimjui mwenye maziwa ni nani, wala hakiangalii ukoo wake.

Somo lilipokwisha, msichana alibaki. Akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, je, dhahabu pia yaweza kupimwa hivi?” Nikamwambia ya kuwa hiyo ndiyo iliyoanza. Jioni alikuja na baba yake, mzee wa makamo, na kaka yake mkubwa. Kaka huyu alikuwa amenunua kipande cha manjano kwa mpita njia mmoja, kwa bei ya ng'ombe dume. Mpita njia alisema ya kuwa ana haraka na nauli, ndiyo sababu anauza rahisi. Kijana alikuwa amekificha kipande kile katika kitambaa, naye akitumaini kukiuza mjini apate mtaji.

Tulikipima mezani. Uzito wake ulikuwa gramu 17. Kwa kuwa kilikuwa kidogo, hatukutumia kopo. Tuliondoa mpini wa bomba la sindano, tukaziba tundu lake, tukatia maji, kisha tukakitumbukiza polepole; maji yakapanda sentimita za ujazo 2 sawasawa. Gawanya 17 kwa 2: 8.5. Dhahabu safi ni 19.3, kipande kile kingalikuwa dhahabu safi, uzito wake ungalikuwa zaidi ya gramu 38. Kilichokuwa mbele yetu kililingana na shaba iliyochanganywa na zinki.

Mzee akanyamaza. Kisha akasema, “Rudia, Mwalimu.” Nikarudia. Akasema, “Sasa mwache yeye mwenyewe apime.” Kijana akapima kwa mkono wake, mikono ikitetemeka, akapata hesabu ileile. Baba yake hakumkaripia. Alisema tu, “Mwanangu, maji hayakukupendelea, wala hayakukuonea. Twende nyumbani.” Ng'ombe alikuwa amekwisha kwenda, wala hatukumpata tena. Lakini kijana yule hakuenda mjini kumuuzia mtu mwingine shaba kwa jina la dhahabu, akashikwa kama mwizi. Hilo nalo ni jambo.

Nataka niwaonye hapa, msije mkadhani maji yajua yote. Kitu kikipimwa kikaonekana densiti yake si ya dhahabu, basi hakika si dhahabu safi. Lakini kikionekana kuwa sawa, hiyo si hakika kamili. Yapo madini yaitwayo tangsteni, ambayo densiti yake hukaribia sana ile ya dhahabu, na walaghai wa siku hizi huyafunika kwa dhahabu kidogo. Kwa hiyo maji yaweza kumshitaki mwongo, lakini hayawezi kumthibitisha kila mkweli. Penye mali nyingi, nendeni kwa wapimaji wenye leseni. Tena, mwalimu asilete zebaki darasani, maana mvuke wake ni sumu. Na watoto wakishika risasi wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Neno langu la mwisho ni juu ya vyombo vya majini, kwa kuwa sisi tu watu wa ziwa. Yule msichana aliniuliza swali moja tena: ikiwa chuma huzama, meli za chuma huelea kwa nini? Mwanzoni mwa karne ya 20 meli za chuma Winifred na Sybil ziliunganishwa kipande kwa kipande huko Kisumu, zikaelea. Sababu ni kwamba ndani ya meli kuna nafasi kubwa ya hewa. Ukichukua uzito wa chuma, hewa na mizigo pamoja, kisha ukagawanya kwa nafasi yote ya chombo, hesabu hupungua kuliko 1. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Lakini aliyekiunda aliweka na mpaka. Kila mtu na kila gunia liongezwalo hukishusha chombo zaidi katika maji, na watu wakisimama wengi upande mmoja chombo hupinduka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, katika ziwa letu hili. Kiliundwa kuchukua watu wapatao 100. Waliokufa peke yao walizidi 220. Siku ile ilikuwa ya gulio, na kila mmoja alidhani ya kuwa mtu mmoja zaidi si kitu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu mnaonisikiliza, kusanyeni kasha la vitu. Halina gharama. Jiwe, msumari, chubwi, yai, kopo lenye mrija na bomba jipya la sindano vyatosha. Mwacheni mtoto akisie kwanza, kisha apime kwa mkono wake, akosee, apime tena. Na ninyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani akaomba kopo na maji, msimfukuze. Siku moja atasimama mbele ya muuza dhahabu, au muuza maziwa, au kandokando ya mtumbwi uliojaa watu, na mwalimu hatakuwapo.

Msichana yule wa Kigera alinipa daftari lake nilipoondoka, ili nisahihishe. Ile sentensi yangu ya siku ya kwanza alikuwa ameikata kwa mstari, na chini yake ameandika: Chuma ni kizito kuliko mti wa ukubwa uleule. Nikamtilia alama ya vema.